Kijabe: Tuta la Reli Lilipogeuka Bwawa

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli eneo la Old Kijabe yalilivunja tuta hilo na kuteremka kwa kishindo hadi Mai Mahiu. Yaliwakuta watu wamelala. Kijiji cha Kamuchiri ndicho kilichoumia zaidi: nyumba zilisombwa, magari yakabingirishwa, miti iling'olewa na mizizi yake, na mawe mazito yakaachwa mahali palipokuwa vyumba vya kulala. Siku hiyo ya kwanza peke yake miili zaidi ya 40 ilipatikana, na watu wakaendelea kutafutwa matopeni siku nyingi baadaye.

Habari ya kwanza iliyofika Nairobi asubuhi ile ilisema bwawa limepasuka. Wengi wakakumbuka Solai, Mei 2018, ambako ukuta wa bwawa la shambani ulipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Lakini Old Kijabe hapakuwa na bwawa la aina hiyo. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya kupitishia maji chini ya tuta la reli ilizibwa na mawe, miti na udongo, maji yakakosa pa kutokea, yakapanda nyuma ya tuta, na hatimaye tuta likashindwa kuyazuia. Tofauti hii ina uzito. Siku chache baadaye serikali iliwataka watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 nchini wahame. Agizo hilo lilihitajika. Hata hivyo, orodha ya mabwawa haimsaidii mtu anayelala chini ya tuta ambalo halijawahi kuitwa bwawa. Ili kuelewa tuta hilo lilifikaje pale, na kwa nini maji yalilikuta likiwa limezibwa, lazima turudi kwenye ardhi yenyewe na kwenye reli iliyouzaa mji.

Mahali penye upepo

Jina Kijabe linatokana na lugha ya Kimaasai na maana yake ni upepo. Mji umening'inia kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, kiasi cha kilomita 60 kutoka katikati ya Nairobi, katika Kaunti ya Kiambu. Chini yake kuna uwanda wa Kedong, Mai Mahiu, na Mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776. Mai Mahiu, yaani maji ya moto kwa Kikikuyu, imo katika Kaunti ya Nakuru. Kwa hiyo mvua inanyesha kaunti moja na madhara yake yanahesabiwa kaunti nyingine. Kila mpango wa kulinda mteremko huu huanza na kikwazo hicho.

Anayepanda treni Nairobi, kwenye mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari, hupita Kibera, Dagoretti, Kikuyu, Limuru na Uplands, akizidi kupanda hadi zaidi ya mita 2,300. Hapo juu ndipo maji yanapogawanyika. Tone linaloangukia upande wa mashariki huingia vijito vya Kiambu, likafuata Mto Athi na mwisho kumwagika Bahari ya Hindi likiwa sehemu ya Mto Sabaki. Tone linaloangukia upande wa magharibi halifiki bahari yoyote: linaporomoka ukingoni kwa makorongo mafupi na makali, linafika uwandani, linasambaa na kuzama ardhini. Kijabe iko upande huo wa pili. Makorongo yake hayana safari ndefu ya kupunguza kasi ya maji. Mvua ikinyesha msituni juu usiku wa manane, maji yanafika chini kabla hakujapambazuka.

Udongo nao una tabia yake. Sehemu kubwa ya mteremko na uwanda wa chini imefunikwa na majivu ya volkeno ya zamani, mepesi na yenye vitundu. Ukiushika mkavu unapukutika kama unga. Ukilowa na kupata mkondo wa maji, unakatika kwa vipande. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, mpasuko mrefu na wenye kina ulifunguka upande wa Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Picha zake zilienea duniani, na watu wakasema Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wengi walitoa maelezo ya karibu zaidi: maji yalikuwa yakiusomba kutoka chini udongo laini wa majivu uliojaza nyufa za kale, hadi uso wa ardhi ukaporomoka. Udongo wa aina hiyo ndio unaozunguka reli, na ndio unaosombwa na kuingia kwenye kalvati, yaani matundu ya kupitishia maji chini ya reli.

Asilimia mbili

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi Mei 1899. Ilikuwa ya upana wa mita moja kati ya vyuma viwili, vyuma vyenyewe vikiwa na uzito wa kilo 25 hivi kwa kila mita, na sehemu kubwa ya mataruma yanayobeba vyuma hivyo yakiwa ya chuma kwa sababu mchwa hula mbao. Baada ya Nairobi wahandisi, wakiongozwa na George Whitehouse, walikutana na ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo reli haikuwa na njia ya mkato.

Fanya hesabu uone. Injini ya mvuke ya wakati ule, ikiwa na mzigo, haikutakiwa kupewa mteremko unaozidi sana asilimia 2, yaani kushuka mita 2 katika kila mita 100. Kushuka mita 450 kwa kiwango hicho kunahitaji kilomita 22 na nusu za reli. Mtu wa miguu au ng'ombe hushuka kwa kufuata mgongo wa kilima, akafika chini kwa saa moja au mbili. Reli haiwezi. Inalazimika kuambaa ubavuni mwa ukingo, ikishuka kidogo kidogo, na kila inaposonga mbele inakutana na korongo lingine linaloteremka kutoka juu. Njia ya miguu huandamana na maji. Reli ya ukingoni huyakata maji yote, korongo moja baada ya jingine.

Korongo huvukwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni daraja refu la nguzo, ambalo huacha nafasi kubwa chini: gogo, jiwe na maji ya kichaa vyote vinapita. Ya pili ni kujaza korongo udongo hadi usawa wa reli na kuacha tundu chini, ambalo ndilo kalvati. Njia ya kwanza ni ghali kuijenga na kuitunza. Ya pili ni nafuu na haitikisiki treni nzito ikipita, lakini maji yote ya korongo yanategemea tundu moja. Reli ya kwanza ya kudumu kwenye ukingo huu ilikuwa na madaraja 8 marefu ya chuma. Miaka ya 1940 njia kati ya Nairobi na Nakuru ilipimwa na kutandikwa upya kwa sehemu kubwa, ili injini zenye nguvu zaidi zivute mizigo mizito zaidi.

Kabla ya madaraja yale kukamilika, vifaa vya kujengea reli ya mbele vilishushwa kwa kamba. Kati ya 1900 na 1901, karibu na Kijabe, mabehewa yalifungwa kamba nene ya chuma iliyozungushwa kwenye ngoma yenye breki kileleni mwa mteremko. Behewa lililojaa vyuma liliteremka, na uzito wake wenyewe ukavuta lililo tupu kupanda upande wa pili. Mahali palipokuwa pakali kupita kiasi, behewa halikuteremka kwa magurudumu yake, kwa sababu mzigo ungemwagika. Lilipandishwa juu ya jukwaa la magurudumu lililotengenezwa likiwa limeinama upande mmoja, ili behewa libaki limelala sawa huku jukwaa likishuka na mteremko. Ufundi huu ulikuwa wa muda tu, lakini ndio uliowezesha reli kuendelea kutandikwa bondeni bila kusubiri madaraja, na Desemba 1901 ikafika Ziwa Victoria. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo yote; karibu 2,500 kati yao walifia huku. Hesabu hizo zinastahili kukumbukwa kila inapotajwa gharama ya reli kwa pauni.

Stesheni ikawa mji

Eneo hili lilijulikana kabla ya reli, tena kwa damu. Novemba 1895, msafara mkubwa wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu uligongana na Wamaasai katika bonde la Kedong, na mamia wakauawa. Ilikuwa njia ya misafara, si mahali pa kukaa. Stesheni ndiyo iliyoigeuza. Mwaka 1903 wamisionari wa Africa Inland Mission walihamia Kijabe kutoka Ukambani: palikuwa na hewa baridi isiyo na mbu wengi, na treni ilileta barua, mabati na dawa hadi mlangoni. Shule ya Rift Valley Academy ilianzishwa mwaka 1906, na hospitali ya misheni mwaka 1915. Juni 1909 Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliuanza msafara wake wa kuwinda upande wa Sotik kutoka Kijabe, na tarehe 4 Agosti mwaka huo huo akaweka jiwe la msingi la jengo la shule linaloitwa Kiambogo.

Mai Mahiu ilikua baadaye na kwa sababu tofauti. Wafungwa Waitaliano wa Vita Vikuu vya Pili walijenga barabara ya kuteremkia ukingoni, na mwaka 1942 wakajenga kanisa dogo kando yake, ambalo bado linawasimamisha wasafiri. Malori yakaja, wafanyabiashara wakafuata, na mji ukatanuka kwenye uwanda tambarare. Tatizo ni kwamba uwanda huo ni tambarare kwa sababu makorongo yamekuwa yakiutandazia matope na mawe kwa maelfu ya miaka. Kwa mnunuzi wa ploti, ardhi pale inapendeza: haina mlima, haina mwamba, msingi unachimbika kwa jembe. Asichokiona ni kwamba udongo ule laini uliletwa na mafuriko, na mafuriko hayajaacha kazi yake.

Jinsi tuta linavyoshindwa

Mvua ya milimita 1 kwenye kilomita moja ya mraba ni maji mita za ujazo 1,000, yaani tani 1,000. Mvua ya milimita 50 juu ya eneo la kilomita 5 za mraba ni tani 250,000. Udongo mkavu wenye msitu hunywa sehemu kubwa. Lakini mwishoni mwa Aprili, baada ya wiki kadhaa za masika mazito kama yale ya 2024, udongo ulikuwa umeshiba. Karibu kila kinachoanguka kinakimbia.

Maji ya kwanza kukimbia hubeba majani na vijiti. Yakiongezeka kasi hubeba mawe. Hapa kuna kanuni ambayo kila anayejenga karibu na korongo anapaswa kuijua: kasi ya maji ikiwa mara mbili, uzito wa jiwe linaloweza kusukumwa huongezeka karibu mara 64. Ndiyo maana kijito kinachobeba kokoto saa mbili usiku kinaweza kubingirisha jiwe la kilo mia kadhaa saa nane.

Kalvati haizibwi na matope kwanza. Huzibwa na gogo. Mti mmoja mrefu kuliko upana wa tundu hufika ukiwa umelala upande na kukwama mdomoni. Matawi yananasa kwenye gogo, majani yananasa kwenye matawi, mawe yanajaza chini, na mwisho matope yanasiriba kila upenyo kama fundi anayepiga plasta. Kalvati yenye kipenyo cha mita 2, ikiwa safi na maji yakienda mita 4 kwa sekunde, hupitisha mita za ujazo 12 na nusu kila sekunde. Ikizibwa hivyo, kinachopita ni uvujaji tu.

Sasa maji yanapanda. Chukua korongo la umbo la V ambalo tuta limelikinga kwa kimo cha mita 10, upana juu ukiwa mita 40, na sakafu ikipanda mita 5 kwa kila mita 100. Ziwa litakalojaa hapo litaingia nyuma mita 200 na kubeba kiasi cha mita za ujazo 13,000. Mkondo wa mita za ujazo 5 kwa sekunde unalijaza kwa dakika 45. Huu ni mfano wa hesabu, si vipimo vya Old Kijabe, lakini unaonyesha jambo moja waziwazi: ziwa lisilokuwepo wakati wa chakula cha jioni linaweza kuwa limejaa kabla watu hawajalala usingizi mzito.

Bwawa lililojengwa kwa kusudi lina moyo wa udongo wa mfinyanzi unaozuia maji, lina tabaka la mchanga na kokoto la kuchuja uvujaji bila kuruhusu udongo kutoka, na lina njia pembeni ya kumwagia maji ya ziada. Tuta la reli limeshindiliwa libebe uzito wa treni kutoka juu. Halikukusudiwa kusukumwa na maji ubavuni. Kwenye kina cha mita 10, maji husukuma kwa tani 10 kwa kila mita ya mraba. Yanatafuta pa kupenya, na mara nyingi hupapata kando ya kalvati yenyewe, ambako udongo haukushindiliwa vizuri kwa sababu mashine haikufika. Tundu dogo linafunguka, maji yanatoka na udongo, tundu linapanuka kwa kurudi nyuma kuelekea ziwani. Au maji yanafika juu, yanamwagika kwenye kokoto za reli, na kuanza kula ubavu wa chini wa tuta. Njia hizi mbili mwisho wake ni mmoja. Maji yaliyochukua dakika 45 kujikusanya yanaondoka kwa dakika chache, na kila tani ya maji inaongezewa udongo wa tuta, mawe na magogo yaliyoziba kalvati.

Ndiyo maana maelezo ya “mvua kubwa” hayatoshi. Mvua ile ile, ikipita korongoni bila kizuizi, huenda ingeleta mafuriko ya saa nyingi yanayopanda polepole, na watu wangepata nafasi ya kuamka. Kizuizi ndicho kilichoikusanya na kuiachilia kwa mara moja.

Kinachoweza kuangaliwa

Kalvati ya ukingoni inatakiwa kukaguliwa angalau mara mbili kwa mwaka: kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, kisha tena baada ya kila mvua kubwa. Mkaguzi anayesimama juu ya reli na kutazama chini hajakagua. Lazima ateremke mdomoni mwa kalvati upande wa juu, kisha apande na korongo mita 200 au 300 akitafuta miti iliyoanguka, hasa pale msitu unapokatwa na magogo kuachwa. Gogo lililolala korongoni Februari ndilo litakaloziba kalvati Aprili, na kulikata kwa msumeno likiwa kavu ni kazi ya nusu siku. Vyuma vya kunasa magogo vikiwekwa, viwe mbali juu ya mdomo. Vikibandikwa mdomoni vinageuka kuwa kizibo chenyewe. Kigingi chenye alama za rangi kila nusu mita, kilichosimikwa upande wa juu wa tuta, humwezesha mtu yeyote mwenye tochi kusema kwa simu maji yamefika wapi.

Wanaosoma haya Nairobi wasidhani ni habari ya bondeni peke yake. Reli hiyo hiyo inapita Kibera juu ya matuta yenye matundu ya maji chini yake, na huko magogo hayahitajiki: chupa za plastiki, magunia na matambara hufanya kazi ile ile. Huko Mai Mahiu nako, reli ya kisasa iliyofika mwaka 2019 imeongeza matuta mapya na kalvati zake bondeni, na zinahitaji macho yale yale.

Kwa anayeishi chini ya tuta, dalili ni chache na zinasomeka. Kijito kikipungua ghafla huku mvua ikiendelea kunyesha juu, maji yamezuiwa mahali. Ubavu wa chini wa tuta ukitoa maji maangavu, taarifa ipelekwe stesheni na kwa chifu siku hiyo hiyo. Ukitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, udongo wa ndani unatoka, na muda wa taarifa umeisha. Asiingie mtu kujaribu kuzibua kutoka chini. Kizibo kikiachia, maji yanamkumba yeye kwanza. Na watu wasikimbie kufuata korongo kuelekea barabarani, kwa kuwa maji yanafuata njia hiyo hiyo na yana kasi kuwashinda. Waende ubavuni, wapande mgongo wa kilima ulio karibu, watoto na wazee wakitangulia, na wabaki huko hadi kuche.